Mkono wa Jiwe na Nyundo ya Chuma

Kemondo ni bandari ya Ziwa Nyanza, kusini mwa mji wa Bukoba, kando ya njia iendayo Muleba. Wasafiri huijua kwa meli, ndizi na kahawa. Waakiolojia huijua kwa chuma. Peter Schmidt na wenzake walifukua katika ghuba hiyo mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyowashwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaueleza ulimwengu, katika jarida la Science, juu ya ustadi wa wahunzi wa Kihaya na wa waliowatangulia. Si mbali na hapo, huko Katuruka, wazee wamesimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka ajengewe mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaporomoka. Na maji yote yanayoonekana kutoka gatini ni milki ya Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, mmoja wa wale Bachwezi ambao nchi za maziwa makuu zimewasimulia kwa vizazi vingi.

Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya namna hiyo hashtuki anapokutana na pepo mwekundu mwenye mkono wa kuume wa jiwe. Atauliza tu pepo huyo ni wa ukoo gani, na nani alimpa jina.

Pepo huyo ni Hellboy, shujaa wa mfululizo wa vitabu vya picha uliobuniwa na Mmarekani Mike Mignola na kutolewa na kampuni ya Dark Horse. Kisa chake kirefu cha kwanza, Seed of Destruction, kilitoka mwaka 1994, maneno yakiwa yameandikwa na John Byrne. Baadaye Mignola akayashika mwenyewe maneno na picha. Habari yake kwa ufupi ni hii: mwezi Desemba 1944, vita vikikaribia kwisha, wachawi wa Kinazi wakiongozwa na Rasputin, yule wa Urusi, wanafanya tambiko la kuita kiumbe wa kuuangamiza ulimwengu. Kiumbe anafika kweli, lakini anaangukia Uingereza, mikononi mwa maadui zao, naye ni mtoto. Profesa Trevor Bruttenholm anamlea kama mwanawe. Akishakua anaajiriwa kupambana na mazimwi, majini na wafu wasiotulia. Pembe zake huzikata, vikabaki visiki viwili juu ya paji la uso, ambavyo kwa mbali hudhaniwa miwani ya fundi wa kuchomelea.

Wengi humjua kwa filamu za Guillermo del Toro za mwaka 2004 na 2008. Filamu hizo zina raha yake, ila zina makelele. Anayempenda Hellboy kwa dhati ni yule aliyemkuta kitabuni, mahali penye ukimya. Mignola huchora kwa wino mweusi mzito. Nusu ya uso wa mtu humezwa na kivuli, kisha katikati ya mapigano jicho la msomaji hupelekwa ghafla kwenye sanamu ya kanisani, au kunguru, au ua lililonyauka, bila neno hata moja. Wapenzi wa ushairi wataitambua mbinu hiyo. Ni pumzi ya mshairi kati ya ukwapi na utao: mahali ambapo hakuna linalosemwa na maana inaendelea kutembea.

Visa vifupi ndivyo vilivyo bora. The Corpse, cha mwaka 1996, kimetokana na ngano ya Ireland. Hellboy anabeba maiti mgongoni usiku kucha, kutoka kaburi hadi kaburi, akitafuta patakapoipokea, ili mtoto aliyeibwa na viumbe wa usiku arudishwe kwa wazazi wake. Maiti inazungumza, tena inalalamika. Kicheko na hofu vinakaa katika ukurasa mmoja bila kugombana, kama vinavyokaa katika ngano za bibi. Na kiko kile kidogo zaidi, Pancakes, cha mwaka 1999, chenye kurasa mbili tu: Hellboy angali mtoto mdogo, anakataa kula chapati za maji za Kimarekani, anashurutishwa, anaonja, anazipenda. Huko kuzimu mashetani wanapiga mayowe ya msiba, kwa kuwa wamejua hatarudi tena kwao. Ni vichache vitabu vinene vya elimu ya malezi vilivyosema kitu hicho kwa ufasaha huo.

Hata hivyo, linaloupa mfululizo huu uzito ni suala la jina. Hellboy ni jina la utani alilopewa na watu waliomwokota. Jina lake la kuzimu ni Anung Un Rama, na maana yake inahusu taji la moto juu ya paji lake. Katika Box Full of Evil, pia cha mwaka 1999, mchawi mmoja analipata jina hilo na kulitamka, na papo hapo Hellboy anakuwa kama aliyefungwa kamba. Mkono wa jiwe haunyanyuki. Kisha adui, kwa uroho, anamvua taji lile alivae yeye. Hapo kifungo kinakatika. Jina lilikuwa la mwenye taji, na mwenye taji sasa ni mwingine. Ni fumbo zuri, na halikutafutwa mbali: Mignola amefuata tu kanuni ya kale kwamba anayelijua jina la kitu ana mamlaka juu yake.

Kanuni hiyo haihitaji tafsiri pwani wala Kagera. Shujaa wa Kihaya alijisifu kwa ebyebugo mbele ya mtawala wake, akijitaja kwa majina ya matendo aliyoyatenda au aliyoapa kuyatenda, na aliyejitaja hivyo asipotimiza alikuwa amejivunjia jina mwenyewe. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, alikuwa na siri moja tu ya mwili, kitovuni, nayo ikatoka kwa mwanawe. Siri ya mwili na siri ya jina ni ndugu. Tofauti ya Hellboy ni kwamba mashujaa wetu hupigania kulipata jina, naye maisha yake yote anapigana asilichukue lile aliloandikiwa.

Kwa sababu hiyo kisa cha Makoma kinahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Kilitolewa mwaka 2006 katika matoleo mawili. Mignola alichora mwanzo na mwisho, na Richard Corben akachora kiini. Hellboy yumo katika klabu ya wavumbuzi huko New York, Agosti 1993. Anaoneshwa maiti kavu ya kale, na maiti inamsimulia habari za shujaa wa Afrika aitwaye Makoma. Picha za Corben zina nyama na jasho, milima inatembea, majitu yanaporomoka kama kuta. Kwa mpenzi wa mfululizo huu aliye upande wetu wa dunia, kuona Afrika imeingia humo kupitia mlango wa utendi, mahali pa ule wa njaa na vita, ilikuwa ni furaha isiyo ndogo.

Ngano yenyewe ni ya kweli, na chimbuko lake halipo mbali na historia ya Waswahili. Andrew Lang aliichapa katika The Orange Fairy Book mwaka 1906, akasema ni simulizi ya Sena, mji wa mto Zambezi ambako wafanyabiashara Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka makazi Wareno walipofika katika karne ya 16. Mtoto anazaliwa akiwa na nyundo ya chuma mkononi na mfuko begani, na anaongea kama mtu mzima. Mama anapomuuliza aitwe nani, hajibu. Anawakusanya wakubwa wa mji kwenye kilindi chenye mamba na kuwauliza nani atajitosa. Wote wanasita. Anajitosa yeye, maji yanageuka mekundu, na anapoibuka ndipo anapolitaja jina lake: Makoma. Halafu anasafiri na kukutana na majitu, mmoja mmoja, anayashinda kwa nyundo na kuyatia mfukoni. Katika kitabu cha Lang majina ya majitu hayo yameachwa kama yalivyosikika. Mmoja ni Chi-gwisa-miti, mwingine Chi-idea-moto. Msomaji wa Unguja, Lamu au Kemondo hana haja ya maelezo kujua kwamba wa kwanza anahusika na miti na wa pili na moto. Ngano imetoka safari ndefu kwa Kiingereza, na bado imebeba mfukoni maneno ya nyumbani.

Sasa tazama alichokifanya Mignola. Makoma wa Corben ana sura ya Hellboy, ngozi nyekundu na mkono wa jiwe. Sababu yake ndani ya hadithi inaeleweka: maiti inamweleza Hellboy habari zinazomgusa yeye, kana kwamba amewahi kuishi kabla ya kuishi. Kifani ni jambo la werevu. Lakini Makoma ndiye shujaa aliyeingia mtoni ili jina lake lisitoke kwa mtu mwingine, na humu amefanywa kivuli cha mwenye jina jingine. Mwandishi aliyelijengea jina heshima kubwa kiasi kile katika Box Full of Evil hakuona, au hakujali, kwamba hapa amemvua mtu taji lake.

Asilaumiwe peke yake. Lang kabla yake hakuandika ngano ilitoka kinywani mwa msimulizi gani. Na The Third Wish, cha mwaka 2002, kina kasoro ya aina hiyo hiyo. Hellboy anafika Afrika, anakutana na mganga mzee Mohlomi, na baadaye anazama baharini, ambako ajuza wa kilindi anamfunga kwa msumari uliopigiliwa kichwani. Sehemu ya baharini imechorwa kwa uzuri wa kutisha, na nguva watatu wenye haja zao ni ushairi mtupu. Lakini Mohlomi ni jina la mtu aliyeishi, mfalme na mganga wa Basotho, mtu wa hekima aliyemshauri Moshoeshoe alipokuwa kijana. Katika kisa hiki lugha yake na nchi yake zimeyeyuka, akabaki mzee wa Kiafrika mwenye dawa. Ngano za Ireland na Urusi hazikutendewa hivyo; huko kila kilima kina jina.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa majini. Meli ya MV Bukoba ilipakia abiria Kemondo usiku wa tarehe 20 Mei 1996, na asubuhi yake ikazama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Visiwani nako MV Spice Islander ilizama mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Wasomaji wa pande hizi wanapofungua ukurasa wa shujaa anayeshuka kilindini wanasoma pia habari za jamaa zao. Mchoraji atakayemleta Mugasha katika vitabu vya picha atakuwa akichora mbele ya macho hayo, na itampasa ajue kwamba bwana wa ziwa huyo hakuwa jitu la kupigwa tu. Watu walimwomba na kumpa sadaka kabla ya kushusha mitumbwi.

Wachoraji hawakosekani. Gazeti la Sani, lililopewa jina kwa kuunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa Watanzania Lodi Lofa na Ndumilakuwili, watu wa mjini wenye njaa, hila na vituko, na kizazi kizima kilijifunza kucheka kwa picha zao. Vifaa vya utendi navyo vipo. Mugyabuso Mulokozi aliwafuata manju wa Kihaya na nanga zao, akauliza mwaka 1983 kama wao ni watunzi wa tendi, na katika kitabu chake The African Epic Controversy cha mwaka 2002 akajibu kwa ushahidi. Katika kazi zake manju wana majina. Habibu Selemani ni Habibu Selemani, na utendi wa Rukiza alioupiga una mwenyewe. Peter Seitel pia, tangu See So That We May See ya mwaka 1980, alizipanga ngano za Kihaya kwa mistari ili pumzi ya msimulizi ionekane karatasini. Ukurasa wa namna hiyo, wenye mapengo yake, unakaribia sana ukurasa wa Mignola, kuliko vile ambavyo mmoja wa mabwana hao angedhani.

Anayetaka kumsoma Hellboy kwa mara ya kwanza aanze na The Corpse, kisha Pancakes, kisha Box Full of Evil. Makoma aiache kwanza. Aitafute ngano katika kitabu cha Lang, aisome kwa sauti, ayatamke majina ya majitu polepole kama yanavyotamkwa na mtu wa Zambezi, halafu ndipo amfungue Corben aone kilichobaki na kilichoachwa mtoni.