Makumbusho ya nyumba za kale yahifadhi maneno pia

Makumbusho ya makazi ya kale huhakikiwa kwa ubora wa kuta, milango na samani. Mimi naongeza kigezo kingine: mgeni anatoka na maneno mangapi ambayo hakuingia nayo?

Kwa kigezo hicho, Nyumba ya Waswahili mjini Lamu, jumba la karne ya 18 lililo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ni kamusi tosha. Ukipita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, kisha kiwanda. Hapo mwanafunzi wa bara hushangaa: kiwanda bila mashine? Kumbe ni ua wa ndani usio na paa. Mbele yake kuna msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Naam, ‘ndani’ hapa ni jina la chumba cha faragha cha wenye nyumba. Ukutani mna zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo vya kauri. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba.

Zingatia tini, yuu na zidaka. Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, kingedai chini, juu na vidaka. Mhariri mwenye pupa angesahihisha, na angepotosha. Msana wa yuu hauko ghorofani. Ni ule ulioinuliwa kidogo na ulio ndani zaidi. Ukisanifisha jina, mgeni atatafuta ngazi.

Huku kwetu Kianjokoma nako nyumba ilikuwa na msamiati wake. Nyumba ilikuwa ya mama, thingira ya baba, ikumbi ya nafaka. Katikati ya nyumba palikuwa na riko, nduguye jiko la Kiswahili, lenye mawe matatu. Ndiyo mafiga, au mafya, yaliyozaa methali ‘Jifya moja haliinjiki chungu’. Juzi nilimwuliza mjukuu wangu, anayeikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani, jifya ni nini. “Guka, si ni kifuniko cha chungu?” Simlaumu, kwao wanapikia gesi.

Ndiposa nakereka ninapozuru makumbusho moja ya bara, jina nalisitiri, na kukuta boma zima la asili limebandikwa maandishi ya Kiingereza pekee. Mtoto anaona mawe, anasoma kwamba ni mawe, anaondoka. Hajui yaliitwaje wala yanahusianaje na methali aliyoikariri.

Rai yangu kwa kaunti zinazopania kujenga makumbusho ni hii: kabla ya kumwita fundi, mwiteni ajuza aliyepika katika nyumba hiyo. Kila kifaa kiandikwe kwa lugha ya wenyeji, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Fundi anaweza kuiezeka nyumba upya mwaka wowote. Ajuza hatatungoja.