Ricardo Alikosea Kuvua Glovu

Kila mashindano makubwa yakifika kwenye matuta, televisheni huirudisha picha ile ile. Lisbon, 24 Juni 2004, robo fainali ya Euro, Ureno na England wako 2-2 baada ya dakika 120. Darius Vassell anauweka mpira. Ricardo, kipa wa Ureno, anavua glovu, anasimama mikono mitupu, anapangua. Kisha anapiga mwenyewe mkwaju unaofuata na Ureno inapita 6-5. Tangu usiku ule makipa chipukizi wanajifunza kwake jambo ambalo halikupaswa kufundishwa hata siku moja.

Uamuzi ule ulikuwa mbovu. Penalti kutoingia hakuufanyi kuwa mzuri, na sisi wachambuzi tumefanya kosa la kuusifu kwa matokeo yake.

Tuiangalie upya mikwaju ile. England walikuwa wamekwisha kupiga sita. Beckham aliupaisha wa kwanza. Owen, Lampard, Terry, Hargreaves na Ashley Cole wakafunga. Maana yake Ricardo alifika kwa Vassell akiwa hajaokoa hata mmoja. Kipa aliye katika hali hiyo ana maswali matatu ya kujiuliza. Naruka mapema au nachelewa? Mguu wa kusimamia wa mpigaji nausoma? Hatua yangu ya kwanza inakwenda mbele au pembeni? Hakuna swali hata moja hapo linalojibiwa na glovu. Kilichokuwa kimeshindwa ni jicho na mguu, lakini kilichobadilishwa ni mkono.

Na shuti lenyewe la Vassell? Halikwenda pembe ya juu, wala halikuparaza mwamba. Ricardo alichagua upande sahihi na akaruka kwa wakati, na hiyo ndiyo kazi iliyookoa penalti. Angekuwa na glovu, mpira ungepanguliwa vile vile, tena kwa uhakika zaidi. Anayesema mikono mitupu ndiyo iliyoshinda amekitazama kichekesho akaacha kuitazama miguu.

Penalti hupigwa umbali wa mita 11. Shuti la kilomita 100 kwa saa hufika langoni kwa takribani sekunde 0.4, likiwa na mpira wa gramu 410 hadi 450. Kipa amekimbia saa mbili, viganja vimelowa jasho. Ngozi iliyolowa huteleza, na mfupa wa kidole ukikutana na mpira wa kasi hiyo hurudi nyuma. Lateksi ya kiganjani, milimita 3 au 4 tu, hupunguza mshindo na kuushika mpira kwa nukta ile inayoamua kama utapanguliwa nje au utatemwa mbele ya mshambuliaji. Juu ya hayo, ncha ya glovu hupita ncha ya kidole kwa nusu sentimita hadi sentimita moja. Anayevua glovu ameukata mkono wake mwenyewe, na kuna mipira huokolewa kwa ncha ya kidole cha kati peke yake.

Wanaomtetea husema alitaka kumtikisa Vassell kichwani. Sawa, wakati ule kumvuruga mpigaji kulikuwa sehemu ya kazi ya kipa. Lakini angeweza kuchelewa kurudi kwenye mstari, akanyoosha mikono, akamtazama machoni, akacheza na muda, na yote hayo akayafanya amevaa. Sheria ya 4 haimlazimishi kipa kuvaa glovu, kwa hiyo hakuvunja sheria yoyote. Alichovunja ni msingi wa kazi: usiache kifaa chako saa ya kukitumia.

Na shahidi mkuu dhidi ya Ricardo wa 2004 ni Ricardo wa 2006. Gelsenkirchen, 1 Julai, robo fainali ya Kombe la Dunia, England tena, matuta tena. Safari hii glovu zilibaki mikononi. Akawazuia Lampard, Gerrard na Carragher, na Ureno ikashinda 3-1. Mikwaju mitatu iliyookolewa katika matuta ya mechi moja ya Kombe la Dunia! Picha hiyo hairudishwi, kwa sababu haina kichekesho. Ina ufundi mtupu.

Wakubwa wa zamani walilijua hili. Helmuth Duckadam wa Steaua Bucharest alipangua mikwaju yote minne ya Barcelona katika fainali ya Kombe la Ulaya, Seville, 1986, bila kuvua kitu. Peter Schmeichel alimzuia Marco van Basten katika nusu fainali ya Euro 1992 glovu zikiwa zimefungwa barabara. Walimsoma mpigaji, wakauamini mkono uliovikwa vizuri.

Hapo kwenye kuvikwa vizuri ndipo ulipo ugonjwa wetu, nami nimeusema sana katika safu hii na sitaacha. Kijana anayevua glovu kwenye matuta mara nyingi huwa na sababu ya kweli: glovu zake hazimtoshi. Anasema hausikii mpira. Hawezi kuusikia, maana amevaa saizi 10 kwenye mkono wa saizi 8, ncha tatu zimebaki tupu, na mshono wa pembeni umehamia kiganjani. Tiba yake ni kupima mkono.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Chukua tepu ya fundi cherehani, uzungushe kiganja cha mkono wako mkubwa kwenye vifundo vya vidole, kidole gumba kikiwa nje. Soma kwa inchi, panda hadi namba kamili inayofuata, kisha ongeza moja. Mzunguko wa sentimita 19.5 ni kama inchi 7.7, unapanda hadi 8, unaongeza moja, saizi yako ni 9. Kisha pima pia urefu, kutoka chini ya kiganja hadi ncha ya kidole cha kati, kwa hesabu hiyo hiyo. Majibu yakitofautiana, anza kujaribu na kubwa.

Nasema kujaribu, kwa sababu kila kampuni ina saizi 9 yake. Mkato nao hubadilisha mambo: ule bapa una nafasi zaidi vidoleni, ule wa mishono ya ndani hubana, na ule ambao lateksi imekizunguka kidole uko katikati. Vaa zote mbili. Kunja ngumi, tanua vidole, bonyeza ncha. Ukipata nafasi ya nusu sentimita hadi moja, hiyo ni yako. Ikizidi, ncha itakunjwa na mpira na glovu itazunguka mkononi. Ikikosekana, vidole havitatanuka na mishono itaanza kuachia kati ya vidole. Na kipa anayefunga vidole kwa plasta azivae akiwa amekwisha kuvifunga, maana kidole chenye plasta ni kinene zaidi.

Wapo wanaonunua kubwa makusudi wakiamini zinalipanua umbo la kipa. Hao nawakumbusha Juma Kaseja. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kumkabili Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, ikamtoa kwa matuta, na Kaseja ndiye aliyekuwa shujaa wa usiku ule. Si mrefu, na hakuhitaji kuonekana mkubwa. Alikuwa na miguu myepesi na alijua kusubiri. Makipa wetu wa leo wengi wamemzidi kimo, lakini sioni subira ile.

Kuna pia wazazi wanaomnunulia mtoto wa miaka 10 saizi 9 ili akulie humo, kama sare ya shule. Kaptura ikimpwaya atakimbia tu. Glovu ikimpwaya anajifunza kudaka vibaya, anazoea kuusukuma mpira kwa kiganja badala ya kuushika kwa vidole, na tabia hiyo itamfuata hadi ligi kuu. Mwachie nusu saizi ya kukua, basi. Kama pesa ni ya mitumba, kagua kwanza lateksi: ikiwa imekauka na inamomonyoka, hata saizi sahihi haitakusaidia. Ikiwa hai, ilowanishe kidogo kabla ya mechi.

Lawama kubwa naiweka kwa klabu zinazonunua glovu kwa boksi, saizi moja kwa makipa wote watatu, kisha zikamlaumu kijana anapotema krosi. Beki hapewi viatu vya mwenzake. Kocha wa makipa aandike namba ya mkono wa kila kipa wake msimu unapoanza, ampime upya yule anayekua, na amkatalie mhasibu anayeleta saizi nyingine. Na siku ya matuta, atakayeanza kufungua mkanda wa glovu yake aambiwe aufunge.