Mchagua Fito

Nzi wa mvuvi hana uzito. Ni unyoya wa jogoo, nywele chache za sungura na uzi uliozungushwa juu ya ndoana ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mtupe kwa mkono uone: ataanguka miguuni pako. Mvuvi wa mshipi kule Pemba ana chubwi la risasi la kuupeleka mshipi wake chini kwenye mwamba. Huyu wa nzi hana chubwi. Anachorusha ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa makusudi, na nzi huenda akiburutwa nyuma yake. Ufundi wote uko hapo. Wauza fito za kuvulia nao wamepata mlango wao papo hapo.

Maana mshipi ukiwa ndio uzito, kila ufito sharti uundwe kwa mshipi wa kiasi chake. Enzi za mishipi ya hariri, mishipi ilipangwa kwa herufi kufuata unene. Hariri ni hariri, ukijua unene umejua na uzito. Nailoni na plastiki zilipoingia, mishipi miwili ya unene mmoja ikaanza kutofautiana uzito, na herufi zikawa hazina maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani kikaja na utaratibu mwingine: zipime futi 30 za mwanzo, kisha uupe mshipi namba. Namba 3 ni gramu 6 na nusu, namba 5 ni gramu 9, namba 8 inakaribia gramu 14, namba 12 inakaribia 25. Ulikuwa utaratibu wa busara, na bado ni wa busara. Ila ukimwekea mnunuzi ngazi yenye namba, atatamani kusimama kwenye kila kidato.

Mwalimu yeyote humwanzisha mwanafunzi na ufito wa futi 9, namba 5. Na mwanafunzi huondoka ameridhika, hata usiku anaulaza karibu na kitanda. Kisha anasikia kwamba kwa vijito vya msituni panatakiwa futi 7, namba 3. Kwa nzi wazito wanaobingirika chini ya maji, mtindo ulionolewa na Wapolandi na Wacheki kwenye mashindano, panatakiwa futi 10 na nusu na ncha laini. Kuna wa nzi wanaoelea, kuna wa ziwani, kuna wa kurushia nzi wakubwa wa manyoya marefu, kuna wa mikono miwili wa kurusha kwa mtindo uliopewa jina la mto Spey wa Uskoti. Ufito wa daraja la juu siku hizi unapita dola 1,000 za Marekani, na kila mmoja una mfuko wake, na mfuko una bomba lake, na bomba linataka mahali pa kusimama nyuma ya kabati.

Kuna kichekesho kingine ambacho wenye maduka hawakisemi kwa sauti. Fito za kaboni zimezidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, kwa sababu ufito mgumu hupeleka mshipi mbali, na mteja akijaribu ufito nje ya duka, penye majani na pasipo samaki, hushindana na umbali. Akifika mtoni anakuta samaki wake, trauti, yuko mita nane mbele, nyuma ya jiwe, na ufito haupindi kwa mshipi mfupi namna hiyo. Dawa ikapatikana: mishipi iliyoandikwa namba 5 ikaanza kutengenezwa mizito kuliko namba 5. Basi mtu hununua ufito mgumu, halafu hununua mshipi mzito wa kuulainisha ule ugumu alioulipia.

Waswahili walishasema: mchagua jembe si mkulima. Methali hii hunukuliwa kumnyamazisha mtu wa fito nyingi, na mara nyingi humfaa. Lakini mimi sijaimeza yote. Anayelima udongo mweusi wa mfinyanzi na anayelima mchanga wa pwani hawatumii jembe moja, na hakuna atakayesema mmoja wao si mkulima. Bonde la Kilombero lina mito miwili, Mnyera na Ruhudji, ambako wavuvi wa nzi hutoka mbali kumfuata taigafishi, samaki mwenye meno yaliyochomoza nje ya taya na uzito unaoweza kupita kilo 8. Nzi wake ni mrefu kama kiganja, na mwisho wa mshipi hufungwa waya, kwa kuwa uzi wa kawaida anaukata mara moja. Mshipi wa gramu 9 hauna nguvu ya kumvuta nzi huyo hewani. Panahitajika namba 9, na hapo hakuna ubishi. Vivyo hivyo kwa kolekole wakubwa wa visiwa vya Shelisheli: mwenye kuwaendea bila namba 12 anatafuta kuvunjikiwa.

Fito hizo zilizaliwa na haja. Watu walikwenda na walichonacho, kikashindwa, wakajua kwa nini kimeshindwa, wakaagiza kingine. Mnunuzi wa leo huanzia upande wa pili: analetewa jibu kabla hajalijua swali. Ananunua ufito wa vijito vya msituni ilhali hajawahi kuona namba 5 yake ikishindwa msituni, kwa sababu hajaupeleka huko.

Basi tuupeleke. Mto Gura unateremka kutoka milima ya Aberdare, Nyandarua, ukipita katikati ya mianzi na vichaka vinavyokaribia kugusana juu ya maji. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, aliweka humo trauti wa kahawia waliotoka Loch Leven, Uskoti, ili walowezi wapate mchezo wa kwao. Walowezi wengi walishaondoka. Trauti wapo, wadogo, waoga, wepesi wa kuona kivuli.

Mahali penye uwazi, kurusha huanza na mshipi ulionyooka juu ya maji. Ufito unainuliwa taratibu hadi mshipi ubanduke bila kishindo. Mkono unaongeza kasi, unaongeza tena, kisha unasimama ghafla. Kule kusimama ndiko kunakorusha. Ncha iliyokuwa imepinda inajinyoosha, na mshipi unapaa nyuma ya bega ukiwa umejikunja kitanzi chembamba, kitanzi kinachofunguka kadiri kinavyokwenda. Sasa subiri. Anayeanza hawezi kusubiri. Hana macho kisogoni, anaogopa mshipi utaanguka, anaurudisha mapema na kusikia mlio mkavu nyuma yake. Akivuta uzi anakuta nzi hayupo tena. Aliyezoea huhisi uzito ukimvuta vidoleni, ndipo anapoupeleka mbele. Mshipi mrefu husubiriwa zaidi kuliko mfupi. Upepo ukija usoni, kitanzi hubanwa na kulengwa chini. Ukitoka upande wa mkono unaorusha, ufito huvushwa juu ya bega la pili, nzi asije akakuchoma sikio.

Pale Gura nyuma yako pana matawi, kwa hiyo yote hayo hayawezekani. Hapo ndipo muuzaji angekuambia: ufito mfupi. Huenda. Lakini mwenye futi 9 na miaka kadhaa ya kuzijua atauachia mshipi uning'inie karibu na bega, kisha ataupiga mbele ujiviringishe juu ya maji bila kwenda nyuma hata kidogo. Akikuta tawi mbele, ataulaza ufito ubavuni na kupitisha mshipi chini yake. Akikuta shimo dogo lililozibwa pande zote, atamshika nzi kwa vidole viwili, ataukunja ufito mpaka ulalamike, na kuuachia. Halafu ule urefu uliodhaniwa kuwa mzigo unakuwa faida: nzi akishatua, ufito mrefu huushikilia mshipi juu, mbali na mikondo mitatu inayopita kati yako na samaki, jambo ambalo ufito wa futi 7 hauliwezi. Mtu akibadili ufito kila maji yanapobadilika, hayo yote hayahitaji, na kwa kuwa hayahitaji hayajui. Amenunua ufito mpya na kuupoteza mtindo mmoja wa mkono, na risiti haionyeshi hilo.

Lee Wulff, Mmarekani aliyezaliwa Alaska mwaka 1905, aliliona jambo hili akalisukuma hadi mwisho wake. Wakati Waingereza wakivua samoni kwa fito za mikono miwili zenye futi 14 na zaidi, yeye aliwafuata samoni hao hao wa Atlantiki na ufito wa futi 6. Walipodai kwamba bila ufito wa maana haiwezekani, alitupa mshipi kwa mkono mtupu, bila ufito wa aina yoyote, akamtoa samoni nchi kavu. Nadhani kulikuwa na majivuno kidogo. Mkewe, Joan Wulff, ndiye ninayemstahi zaidi. Mwaka 1951 aliwashinda washindani ambao wote walikuwa wanaume katika shindano la kurusha mbali, na mwaka 1979 yeye na Lee wakafungua shule kando ya mto Beaverkill, New York. Huko alikipasua kile kitendo kimoja cha mkono katika sehemu zake, kila sehemu akaipa jina, ili mtu aambiwe alikosea wapi. Mwanafunzi aliyezoea kuulaumu ufito alikosa pa kujificha.

Nisijifanye mtakatifu. Ufito wa mwanzi ukiwekwa mikononi mwangu, hoja zote hizi huyeyuka. Mianzi yake hutoka vilima vya Guangdong, kusini mwa China. Fundi huipasua, huichagua, huilinganisha vifundo, kisha huranda vipande sita vya pembetatu vinavyopungua kutoka mpini hadi ncha kwa vipimo vya elfu moja ya inchi, na kuvigandisha pamoja viwe kitu kimoja chenye pande sita. Mwaka 1950, vita vya Korea vilipozuka, Marekani ilifunga biashara na China kwa takriban miaka 20. Mianzi ikaadimika, na faibaglasi iliyokuwa imeshaanza kuingia ikalishika soko, hadi kaboni ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mafundi wachache waliendelea kuranda mwanzi waliokuwa wameuweka akiba. Anayetamani kazi ya mtu kama huyo anatamani ufundi, na sioni sababu ya kumwonea haya. Tamaa ninayoishuku ni ile ya ufito wa mwaka huu unaotofautiana na wa mwaka jana kwa rangi ya uzi wa mapambo.

Hapa kwetu kuna watu wanaoujua ufundi wa mkono kuliko wanunuzi. Nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani hufungwa kwa mikono nchini Kenya, na wengi wa wafungaji hao ni wanawake. Siku nzima mfungaji hukaa mbele ya jiliwa dogo linaloshika ndoana, na mkasi, na kigurudumu cha uzi, na sindano ya kupakia gundi. Oda za leo huenda ni za nzi wa trauti asiyefikia punje ya mchele. Za kesho ni za nzi wa baharini mwenye urefu wa kidole. Jiliwa ni lile lile, mkasi ni ule ule. Kinachobadilika ni namna anavyoukaza uzi: pole kwa unyoya laini usikatike, kwa nguvu kwa nywele za paa zisizunguke ndoana. Wengi wao hawajawahi kumiliki ufito hata mmoja. Mzungusho ukizidi mmoja wanauona.

Kwa hiyo mwenye fedha ya ziada na autazame mshipi wake kwanza. Ufito wa kaboni usipobanwa na mlango wa gari utakuwapo mwenyewe akishazeeka. Mshipi ndio unaochakaa: ngozi yake ya plastiki hupasuka, mwani na vumbi huingia kwenye nyufa, na ncha inayopaswa kuelea huanza kuzama, ikimvuta nzi chini pamoja nayo. Mvuvi hulaumu ufito, hukaa jioni akipiga mahesabu ya mwingine. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini mara nyingi hutosha. Yasipotosha, mshipi mpya ni sehemu ndogo tu ya bei ya ufito. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwita jirani aje kuutazama mshipi mpya. Duka ninaloenda huziweka fito dirishani chini ya taa, na mishipi kwenye droo ya chini kabisa, pamoja na soksi.