Dakika 45 kwa Kila Upande

Kaseti ya dakika 90 ina pande mbili, kila upande dakika 45. Philips waliitoa kaseti mwaka 1963, na kipimo hicho kimewafunza wapenzi wengi wa roki kuchagua nyimbo wanapompangia mwenzao kanda. Leo simu hubeba nyimbo elfu bila mwenyewe kulazimika kuacha hata mmoja. Kaseti haikubali pupa: wimbo wa dakika sita hurekodiwa kwa dakika sita, nawe umekaa nao hadi mwisho, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe. Kwa hiyo humpi mtu wimbo ambao hukuusikiliza.

Kanda ya nyimbo maarufu tupu haina jipya, maana redio inazipiga kila siku. Ya nyimbo zisizojulikana tupu ni majivuno, na msikilizaji huchoka mapema. Fundi huchanganya, na ustadi wake huonekana kwenye maungio, pale wimbo mmoja unapokoma na mwingine kudaka.

Chukua "Bohemian Rhapsody" wa Queen, wa mwaka 1975, uliotungwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Kwa karibu dakika sita unapita kwenye piano, kwaya ya kiopera na gitaa zito, kisha unatua polepole kwenye mlio mmoja wa gongo. Ukiufuatishia kishindo kingine umeua nyimbo zote mbili. Mimi huweka "Thirteen" wa Big Star, bendi ya Memphis: gitaa kavu, sauti laini, haufiki hata dakika tatu. Albamu yake ya 1972 ilisifiwa na wahakiki, lakini usambazaji ulikuwa mbovu na wanunuzi wengi hawakuiona dukani. Baada ya gongo lile, sikio limetulia, na wimbo huu mdogo unapata nafasi uliyonyimwa na soko.

Rolling Stones nao huwafuatisha na WITCH wa Zambia, ambao mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Stones.

Upande wa pili huufungua kwa Led Zeppelin, na mara tu baada yao Death (yaani Kifo) wa Detroit. Hawa walikuwa ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, waliopiga roki ya kasi katikati ya miaka ya 1970, katika mji ulioizaa Motown, kampuni ya muziki wa soul. Walitakiwa kubadili jina la bendi ili wapate mkataba. David akakataa katakata. Mwaka 1976 walijichapishia santuri ndogo, nakala 500 tu. Albamu yao ilitoka 2009, David akiwa amefariki tangu 2000. Kwa ajili ya watu kama yeye nasema kazi hii ina heshima: anayepanga kanda humketisha David jirani na Zeppelin, na msikilizaji huamua mwenyewe.

Ukitaka kujaribu, zungusha kwanza utepe kwa penseli mpaka ule wa kahawia utokeze, maana kipande cha mwanzo hakishiki sauti. Tazama sindano ya kipimo cha sauti kila unapobadili santuri, kwani hazilingani nguvu. Andika jina la kila bendi kwa herufi zinazosomeka. Ukimaliza, vunja vile vijino viwili vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake.