Mti Chini ya Rangi

Ujuzi wa fundi ninayemsifu hapa haukuanzia kwenye viti. Ulianzia kwenye vitako vya bunduki. Aliurithi kwa mwalimu wake, marehemu sasa, ambaye ujana wake aliutumia katika shamba la mzungu upande wa Njoro akitunza bunduki za kuwindia. Chuma kilisafishwa na bwana mwenyewe. Mti aliachiwa yeye. Msimu ukiisha alikwangua vanishi iliyopasuka, akainua palipobonyea, akapaka mafuta kwa kiganja mpaka mti ule wa mwalnati ukarudia rangi yake ya kahawia yenye mishipa myeusi. Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Bunduki zikafungiwa makabatini, nyingine zikaondoka na wenyewe. Mikono iliyozihudumia ikabaki na ujuzi usio na kazi, ikauhamishia kwenye viti, meza na masanduku ya nguo.

Leo ukimpelekea fundi wangu kitako cha bunduki atakurudisha nacho mlangoni, kwa kuwa sheria ya silaha inataka leseni hata kwa mwenye kutengeneza tu. Lakini mpelekee kiti kilichochakaa, utaona vidole vyake vikikigusa kwa namna ile ile aliyofundishwa: kwanza vinatafuta mahali mwenye nacho alipozoea kushika.

Karakana yake iko Free Area, kando ya barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Nairobi. Malori hupita usiku na mchana, na vumbi la lami likikutana na vumbi la mbao huwezi kusema lipi ni lipi. Majirani zake hutengeneza vitanda na makochi mapya ya kuuzwa mwisho wa mwezi. Mashine zao za randa hulia mpaka mtu anaongea kwa ishara. Kwake hakuna mashine. Ukisogea karibu utasikia kitu kama panya anayeguguna mlango wa ghala. Ni kioo kinachokwangua mbao.

Nilimpelekea kiti cha guka. Babu yangu alikinunua mnadani baada ya uhuru, mwajiri wake alipouza vyombo na kurudi kwao. Kilikuwa kiti cha mikono, kizito, na kwa miaka yote niliyokijua kilikuwa cha rangi ya maziwa iliyobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Nikamwambia fundi akifanye kipya. Akanitazama kwa upole. "Vipya viko pale," akasema, akielekeza kidevu kwa jirani. "Hiki tutakirudisha kwenye uzee wake."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilidhani ni maneno ya mzee apendaye kuzungumza. Nilimwelewa wiki tatu baadaye, baada ya kukaa kwenye benchi lake jioni baada ya jioni nikitazama.

Kazi ya kwanza ni kuvua. Fundi huvunja kioo cha dirisha kwa uangalifu, akachagua kipande chenye ukingo ulionyooka, akakishika kwa mikono miwili huku vidole gumba vikikikunja kidogo, akakilaza kuelekea anakokivuta. Kikiwa na makali hakitoi unga. Kinatoa maganda membamba kama ya kitunguu. Kikianza kutoa unga anakitupa, anavunja kingine. Msasa, asema, huja baadaye, kwa sababu msasa haujui rangi inaishia wapi na mti unaanzia wapi, na kioo kinajua.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Wageni huenda kuona makaburi ya kale na mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba. Mimi hupenda kutazama vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Obsidiani ni kioo kilichopikwa na volkano, na hapa kwetu Bonde la Ufa hupatikana kwa wingi kuelekea Eburru na Naivasha. Watu wa kale waliipasua wakapata visu na vikwangulio vya ngozi na mbao. Sasa kila nimwonapo fundi akivunja kioo chake, najua kazi ile ile imefanywa katika bonde hili kwa maelfu ya miaka, na makali yenyewe hayajabadilika sana.

Rangi ya maziwa ilipotoka ikaonekana ya kijani. Hiyo niliikumbuka kwa kusimuliwa: shosho, yaani bibi yangu, alikipaka kiti kijani kilipohamishiwa jikoni, na ile ya maziwa ikaja kwa ajili ya harusi ya shangazi. Chini ya kijani kulikuwa na vanishi nyeusi, ngumu kama lami, ya enzi ya mwajiri wa guka. Kwa hiyo tulikuwa tukisoma habari za nyumba yetu kinyumenyume, kutoka harusi kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda mnadani.

Hapo fundi alilowesha mbao kwa kitambaa na kujifunga kingine puani. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kiswahili kimeyapa madini hayo na kile kitokacho kwenye mtutu jina moja. Mwalimu wake aliacha bunduki akidhani ameachana na risasi, kumbe ilimsubiri kwenye viti.

Chini ya vanishi ukatokea mvule. Tuliujua kwa rangi yake ya dhahabu iliyokolea, na kwa jambo jingine: patasi ilipofika karibu na kiungo cha mguu ilikwaruza, ikatoka na pengo. Mvule hujenga mawe ndani yake, vidonge vya chokaa vilivyoganda katika nyufa za mti ungali hai. Seremala asiyeujua hulaumu chuma. Fundi wangu alicheka tu, akachukua tupa na kuanza kunoa. Unga wake nao huwasha pua na koo, kwa hiyo kitambaa kikabaki usoni.

Kisha ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mkono wa kushoto wa kiti ulikuwa na mibonyeo, kana kwamba mtu aliugonga kwa nyundo. Fundi aliweka kitambaa chenye maji juu ya bonyeo moja, akaleta pasi ya makaa, akaigusisha. Mvuke ukapanda. Alipoinua kitambaa bonyeo lilikuwa nusu. Mara ya pili likawa kivuli. Mara ya tatu halipo. Nyuzi za mti zilizolazwa kwa kugongwa hunywa maji zikavimba na kusimama tena. Palipokatwa kwa kisu, hata uweke pasi kutwa, hapainuki. Ujanja huo ndio uliokuwa ukiokoa vitako vya bunduki vilivyogongana na mawe na milango ya Land Rover.

Mkono wa kulia ulikuwa na kasoro nyingine. Mwisho wake, pale vidole vinapokunjika, palilika na kuwa na kibonde laini. Nikataka kisawazishwe. Fundi akaniwekea kiganja changu hapo. Kikaingia sawasawa. "Huu si ubovu," akasema. "Hapa ni mkono wa mzee wako. Kwenye bunduki mwalimu alinionyesha mahali kama hapa, pale shavu la mwindaji linapolala. Alisema ukipasawazisha, umemfuta mtu." Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kukirudisha kiti kwenye uzee wake. Mikwaruzo ya jikoni ilitokana na kutojali, ikaondolewa. Kibonde kilitokana na kukaa, kikabaki. Kutofautisha viwili hivyo ndiyo kazi yenyewe. Kukwangua hata mtoto anaweza.

Msasa ulifuata, namba 80 palipohitaji tu, kisha 120, kisha 240, daima kwa kufuata nyuzi. Baina ya hatua alipangusa mti kwa maji. Ukikauka, nyuzi ndogo husimama kama vinyweleo vya mtu aliyetoka nje asubuhi ya Julai ya Nakuru, naye akazikata kwa msasa uliochakaa. Asipozisimamisha mapema, mafuta yatazisimamisha baadaye, na kiti kitakuwa na ndevu.

Mafuta yenyewe ni ya mbegu za kitani, yaliyochemshwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi waliopewa mashamba katika nyanda zetu za juu walilima kitani kwa pupa wakitarajia utajiri, bei ikaporomoka wakabaki na madeni. Siku hizi mafuta hayo tunanunua ya mkebe. Hupakwa kidogo sana, yakasuguliwa kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, kisha yaliyobaki juu yakapanguswa. Hayakauki kama maji; huvuta hewa na kugeuka magumu ndani ya mti. Kugeuka huko huzaa joto, ndiyo maana matambara ya mafuta hayakunjwi yakatupwa pembeni. Rundo la matambara yaliyokunjwa laweza kuwaka lenyewe. Fundi huyatia kwenye debe la maji kabla ya kufunga karakana, nami nimeona akirudi kutoka kituo cha matatu kwa sababu hakukumbuka kama ameyatia.

Siku ya kwanza mkono mmoja wa mafuta. Siku ya pili mwingine. Kisha siku mbili za kungoja, kisha mwingine. Jirani alikwisha kuuza vitanda sita.

Nisitie chumvi. Mafuta ya kitani hayafai kila mahali: meza ya hoteli inayomwagiwa chai kutwa inataka vanishi ngumu. Wala si kila cha kale kinastahili kuokolewa. Mbao iliyobunguliwa mpaka ndani ni kuni, na fundi wangu husema hivyo bila kupepesa macho. Lakini wahenga walituonya: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tunatoa kiti cha mvule kwa bei ya kuni, tunanunua cha unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambacho kikimwagiwa maji kinavimba na hakuna pasi itakayokiponya. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na ilikuwa hapa hapa katika kaunti yetu, Molo, Julai 2023, ambapo Rais alitangaza kuiondoa amri hiyo. Mabishano ya nani akate na nani asikate hayajaisha. Katika mabishano hayo sijasikia mtu akihesabu mbao zilizokwisha kukatwa, zilizoketi majumbani mwetu chini ya rangi.

Kiti cha guka kiko sebuleni sasa. Mbele kinang'aa kidogo tu, mng'ao wa kitu kilichoshikwa, si wa kitu kilichomwagiwa maji. Nyuma ya mguu mmoja, chini kabisa, fundi aliacha pasipokwanguliwa, padogo kama stempu. Hapo utaona zote tatu: maziwa, kijani, vanishi nyeusi. Hakuniuliza. Alisema tu kwamba shosho naye alikuwa na haki yake.

Nawe msomaji, kama kuna kiti kinakungoja stoo ukipeleke kwa wanunuzi wa vikorokoro, kigeuze kwanza juu chini. Tafuta mahali pasipoonekana, paloweshe kidogo, pakwangue kwa kipande cha kioo. Angalia mti uliomo. Kisha uamue.