Barafu Iliyokwama Kwenye Simtanki

Katika nyumba moja ya Mbezi, Dar es Salaam, friji ya milango miwili ilikuwa na miezi mitatu tu tangu ishushwe kwenye kirikuu. Kilichowafanya wenyewe wakubali bei yake ni mashine ndogo ndani ya friza, inayovuta maji bombani na kutoa barafu bila mtu kugusa trei. Wiki za mwanzo ilidondosha vipande vinene, vizito. Mwezi wa pili vikaja vyembamba, vina uwazi katikati, ukivishika vinavunjika kama ganda la yai. Mwezi wa tatu droo ikawa tupu, na wageni wa Jumapili wakanywa juisi ya ukwaju yenye uvuguvugu wa jikoni.

Fundi wa kwanza aliinama nyuma ya friji, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu ambayo karibu kila mwenye friji mjini amewahi kuisikia: gesi imeisha.

Nyama ndiyo iliyoikana hukumu hiyo. Kwenye droo ya chini, hatua moja kutoka ilipo mashine, nyama ilikuwa ngumu kama jiwe. Kipimajoto kilicholazwa usiku kucha kati ya pakiti mbili za njegere kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, kiwango hasa kinachotakiwa kwenye friza. Friji iliyoishiwa gesi haifiki huko. Fundi akapewa nauli na soda, na mama mwenye nyumba akampigia simu mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ni kutunza mitambo ya barafu ya wauza samaki.

Alipofika alifungua, akafunga, akacheka. “Shemeji, friji yako haiumwi. Ina kiu.”

Mashine yenyewe ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kampuni ya Servel, ya Evansville katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ndiyo iliyoingiza sokoni friji ya nyumbani yenye kujitengenezea barafu, mwaka 1953, na muundo wa Kimarekani uliozoeleka leo haujaenda mbali sana na wazo lile. Nyuma ya friji kuna vali ya umeme. Ikipata umeme inafunguka kwa takriban sekunde saba na nusu, na maji kama mililita 140 yanapanda kwenye kibomba chembamba hadi kwenye trei ya chuma. Trei ikishapoa mpaka nyuzi 8 au 9 chini ya sifuri, thamostati iliyoegeshwa ubavuni mwake inawasha hita na mota. Hita inayeyusha ngozi ya nje tu ya barafu ili iachie chuma, kisha vidole vya plastiki vinavisukuma vipande nje, vinane kwa mpigo. Kabla vidole havijarudi mahali pake, swichi inaipa vali umeme tena, na trei inajaa upya. Mambo yakienda sawa, duru moja huchukua kama saa moja na nusu. (Friji nyingi za Kikorea hazina hita: mota inaipinda trei ya plastiki, kama mtu anavyoikunja trei ya kawaida kwa mikono, na sensa ndiyo inayosema barafu imeiva.)

Neno la kushika hapo ni sekunde. Mashine ya aina hii haipimi maji yaliyoingia. Inahesabu muda, basi. Vali ikifunguka sekunde saba na maji yakaja kwa kusuasua, mashine haina habari. Itagandisha kilichopo na kukitupa drooni. Vile vipande vya ganda la yai, kwa hiyo, vilikuwa ushahidi ulioletwa mezani mwezi mzima kabla ya mashine kunyamaza, na hakuna aliyeusoma.

Shemeji huyo hakukimbilia kwenye maji moja kwa moja. Alianza na kilicho karibu: mkono wa waya unaoning’inia juu ya droo. Droo ikijaa, barafu huuinua mkono huo na mashine hujizima. Hapa haukuinuliwa na barafu bali na mkia wa nguru aliyesukumizwa ndani mzima mzima siku ya sikukuu. Nguru akahamishwa chini, mkono ukashuka, watu wakasubiri hadi asubuhi. Droo ilikuwa tupu vilevile. Kusema kweli, kama hadithi ingeishia kwa nguru ingekuwa fupi na tamu, na nyumba nyingi huishia hapo. Lakini mkia wa samaki unaweza kuizima mashine. Hauwezi kuifanya itoe barafu nyembamba.

Akawasha tochi ya simu na kuchungulia juu ya trei, pale kibomba cha maji kinapotokeza ukutani. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na barafu nyeupe, imejaa kama kizibo cha chupa. Friji ikachomolewa kwenye umeme, taulo likatandikwa chini, na maji ya moto yakaingizwa kidogo kidogo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Dakika kumi baadaye kizibo kiliteleza kikatoka kizima, kina urefu wa kidole. Kisu kilikuwepo mezani na hakikuguswa. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto, na mabomba yake hupita nyuma ya kuta za plastiki zile zile ambazo watu huzichokonoa kwa ncha ya kisu.

Siku mbili barafu ilitoka, nyembamba. Siku ya tatu mdomo ukaziba tena.

Hapo ndipo mtu mwingine angeagiza mashine mpya Kariakoo, na angekosea, maana mashine nzima isingebadilisha chochote. Shemeji aliuvuta mpira wa maji kutoka nyuma ya friji, akauelekeza kwenye jagi lenye mistari ya vipimo, akafungua koki yote na kuangalia saa. Dakika moja, nusu lita. Akafanya hesabu kwenye kipande cha boksi: ili mililita 140 ziingie kwa sekunde saba na nusu, mpira unatakiwa utoe zaidi kidogo ya lita moja kwa dakika. Kwa nusu lita, trei inapata mililita 60 na ushei. Chini ya nusu ya haki yake, na hapo maji hayajapita kwenye chujio, ambalo nalo hubana.

Ndipo akauliza swali lililofungua kesi: mwezi wa kwanza, maji yalikuwa yakitoka wapi? Mama mwenye nyumba akakumbuka. Friji ilipokuja iliungwa kwenye bomba linaloingia moja kwa moja kutoka mtaani. Mgao wa maji ulipoanza, fundi bomba akauhamishia mpira kwenye laini ya simtanki ili friji isikose maji. Alikuwa na nia njema kabisa.

Simtanki ile ya lita 2,000 imekaa juu ya mnara wa mita tatu. Vali ya friji iko karibu na sakafu. Hata tangi likiwa limejaa, maji yanashuka mita nne na kitu, na kila mita ya kimo inaleta presha ya takriban psi 1.4. Jumla haifiki psi 7. Vali za muundo huu hutengenezwa kwa presha ya kuanzia psi 20 hadi 120. Ili simtanki ifikishe 20 kwa uzito wa maji peke yake, ingebidi iinuliwe mita 14 juu ya friji, yaani paa la ghorofa ya nne. Kwa aliyeichora friji akiwaza nyumba yenye maji ya bomba yenye nguvu saa 24, hilo halikuwa swali. Kwa Mbezi, Tegeta au Kimara, ambako maji ya nyumba nyingi hulala tangini kwanza, lilipaswa kuwa swali la kwanza dukani.

Lakini maji machache yanaeleza wembamba tu. Kuziba je? Jibu limo ndani ya vali, na ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Sumaku ya vali ni dhaifu. Haiwezi kuyafunga maji kwa nguvu zake. Inachofanya ni kuziba au kuzibua kitundu kidogo. Kitundu kikizibwa, maji hujikusanya juu ya kiwambo cha mpira na kukigandamiza kwenye kiti chake. Ni maji yenyewe yanayofunga mlango wa maji. Presha ikiwa ndogo kiwambo hakikai sawasawa, na vali inabaki ikidondosha tone, baada ya muda tone jingine. Tone linasafiri taratibu ndani ya kibomba, linafika mdomoni penye nyuzi 18 chini ya sifuri, linaganda kabla ya kudondoka. Mengine yanakuja juu yake.

Kabla ya kuamini, alijaribu. Aliufungua mpira wa upande wa kutokea wa vali, akaweka karatasi ya chooni chini yake. Kwa maji ya simtanki, karatasi ililowa ndani ya robo saa. Kisha akaiunga vali kwenye mota ya maji, ile inayopandisha maji tangini, akaifungua vali mara mbili tatu kwa umeme, akaiacha ifunge. Karatasi mpya ikabaki kavu. Vali ilikuwa nzima.

Dawa ikawa mota ndogo ya maji yenye swichi ya presha kati ya simtanki na friji, pamoja na kitangi kidogo cha kuhifadhi presha ili mota isiwake na kuzima kila vali inapofunguka kwa sekunde saba. Chujio pia likabadilishwa. Maelekezo ya kawaida ni miezi sita, lakini maji ya visima vya pwani, yenye chumvi na mchanga mwembamba, hayasubiri kalenda. Anayeinunua friji sasa ana njia nyepesi zaidi: zipo zenye dumu lake ndani, linalojazwa kwa mkono, zisizojali kama tangi liko juu ya mnara au chini ya mwembe.

Barafu ya saa 24 za kwanza ilimwagwa kwenye sinki, kama inavyopaswa baada ya chujio jipya. Kesho yake jioni vipande vinane viligonga droo kwa kishindo kilichosikika sebuleni. Vilikuwa vimejaa hadi kingo. Shemeji alikuwa bado nje, juu ya ngazi, akifunga boya la umeme ndani ya simtanki, ili siku maji ya mgao yasipokuja mota isizunguke kavu na kuungua.