Fundi Aliyeupa Moyo Sauti

Katika filamu ya Live in Concert, iliyorekodiwa Long Beach, California, Desemba 1978, mchekeshaji Richard Pryor anasimulia siku moyo wake ulipomgomea. Hasimulii kama mgonjwa. Ghafla moyo wenyewe unaanza kusema, tena kwa ukali: unamkataza kuvuta pumzi, unamsuta kwamba leo ndiyo anakumbuka kifo, ilhali alipokuwa akibugia nyama ya nguruwe hakukikumbuka. Ngumi yake inajisokota kifuani, goti linapinda, na mara mtu mzima yuko sakafuni akiubembeleza moyo wake kama mdeni aliyekabwa njiani. Hana mwenzake wa kupokezana naye maneno. Ukumbi mzima unaangua kicheko, na kinachochekwa pale ni hofu ya kufa ambayo kila aliyeketi mle anayo.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona kazi iliyofanyiwa kazi. Watu hupenda kusema mchekeshaji huzaliwa. Pryor alizaliwa 1940 huko Peoria, Illinois, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Marie, aliyekuwa akiendesha madanguro. Naamini ndiko masikio yake yalikonolewa, kwani nyumba ya namna hiyo humfundisha mtoto kumtambua mtu kwa sauti kabla hajamwona uso. Lakini masikio peke yake hayatoshi. Ilibidi atokee Juliette Whittaker, aliyesimamia michezo ya kuigiza katika kituo cha vijana mjini humo, ampe nafasi jukwaani. Miaka mingi baadaye Pryor alipopata tuzo ya Emmy, alimpelekea mama huyo.

Mwanzoni aliiga mtindo wa mchekeshaji mwenzake Bill Cosby, safi na usioudhi mtu, na ulimlipa. Mwaka 1967, katika hoteli ya Aladdin jijini Las Vegas, alishuka jukwaani katikati ya onyesho. Baadaye akaenda kukaa Berkeley, na aliporudi alikuja na watu wake: walevi, wahubiri, wahuni wa mtaani, na Mudbone, mzee wa Mississippi asiyeishiwa hadithi. Aliwapika mbele ya watu katika ukumbi wa Comedy Store, Los Angeles. Alikuwa akipanda na kisa kisichokamilika, anasikiliza kicheko kinapoanzia na kinapofia, na kesho yake anarudi kukirekebisha. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo mtazamaji haioni kamwe, nami ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Kisha akaja Kenya, 1979. Kwa miaka mingi alikuwa amelitumia tusi la kibaguzi wanaloitwa watu weusi Marekani, akiamini kulirudiarudia kungelitoa sumu. Lilikuwa hata katika jina la albamu yake ya 1974, iliyompa Grammy. Akiwa Nairobi, ameketi hotelini akitazama watu wakipita na shughuli zao, aligundua kwamba hapakuwa na hata mmoja ambaye tusi lile lingemfaa. Watu weusi walikuwa kila mahali, wakifanya kila kazi, jambo ambalo mkazi wa Nairobi halioni ajabu hata kidogo. Pryor aliapa kutolitamka tena, na katika filamu ya Live on the Sunset Strip ya 1982 akaeleza kwa nini, mbele ya hadhira iliyokuwa imelizoea kinywani mwake. Fikiria seremala anayeitupa nyundo iliyomjengea jina. Kwangu mimi huo ni ufundi uleule wa kusikiliza, safari hii akijisikiliza mwenyewe.

Kati ya safari hiyo na filamu hiyo ulipita moto. Juni 1980, akiwa ametekwa na kokeini, aliungua vibaya sana, akanusurika kufa. Mitaani watu wakatunga mzaha juu yake. Mwishoni mwa filamu anawashukuru waliompenda alipokuwa hospitalini, kisha anasema mzaha wao ameusikia. Anawasha njiti ya kiberiti, anaipitisha hewani na kuuliza ni nini hiyo. Ni Richard Pryor, akikimbia barabarani. Waliousimulia kabla yake walikuwa wengi. Hakuna aliyeusimulia vizuri kumshinda.